Nilizikata Meli za Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mpaka cheche ilipomharibia jicho la kulia. Hakupata kazi tena, akahamia kwangu. Mchana alikaa nyuma ya duka langu la steshenari, Kariakoo, kati ya mashine ya kopi na maboksi ya karatasi. Hapo ndipo alipoanza kuchora jeshi la majini la nchi isiyokuwepo.

Meli zilikuwa sita, za aina moja, zote za kushusha askari ufukweni. Aliwahi kunieleza kwa saa nzima huku wateja wananisubiri: tumbo la meli linafunguka kwa nyuma, bahari inaachiwa iingie ndani, maboti yanaelea na kutoka na askari na magari, helikopta zinatua juu. Alipanga hadi vyoo. Ile ya sita aliiondolea mizinga, akaiwekea vitanda vya wagonjwa.

"Na nchi yenyewe inaitwaje?" nilimuuliza.

"Sijaipa jina bado. Nimeanza na meli."

Nilicheka. Kusema kweli, niliona aibu kidogo, mtu mzima kama yule.

Shida ilikuja alipotaka kujua lango la meli linavyolala likigusa nchi kavu. Akawa anaenda kivukoni Magogoni kutazama pantoni ikiteremsha lango lake, anapima kwa hatua, anaandika kwenye kaunta buku. Siku ya tatu watu wawili waliovaa kiraia walimleta dukani, mmoja kila upande.

"Dada, huyu unamfahamu?"

"Ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja."

Mwenzake akafungua kaunta buku mbele yangu. "Hizi manowari ni za nani?"

Kaka alijibu kama mtu aliyefurahi kuulizwa. "Ni za kichwani mwangu tu, mkuu. Hapo umeshika ya pili. Ya kwanza lango lake lina kasoro."

Mmoja alicheka. Mwenzake hakucheka. Wakapiga picha kurasa kadhaa, wakachukua namba yangu ya simu, wakasema wakituhitaji watatutafuta. Nje, majirani walikuwa wamejazana.

Hawakurudi. Lakini wiki nzima sikupokea simu ya namba nisiyoijua, na jirani yangu muuza mashuka akaacha kunisalimia. Ijumaa, kaka alipoenda kuswali, nilichukua kaunta buku na michoro yake yote mikubwa, nikaiweka kwenye mashine ya kukatia karatasi, nikashusha kisu. Nilikishusha mara nyingi. Vipande nikavitia kwenye kiroba cha taka.

Aliporudi akakiona kiroba.

"Umezikata zote?"

"Zote. Niliogopa, kaka."

"Hata ile ya wagonjwa?"

Nilikifunga kiroba mdomo. Alikaa kwenye boksi lake, akavua kofia, akaishika magotini mpaka nilipofunga duka.

Hatukugombana. Afadhali tungegombana. Baada ya mwezi alihamia kwa shangazi yetu, Ilala, na siku hizi anawachorea mafundi wa karakana moja ya huko mageti na madirisha. Nikimtembelea tunaongelea mageti. Majuzi nilimpelekea kaunta buku mpya na penseli nzuri. Alishukuru, na palepale akaandika humo vipimo vya dirisha la mteja.

"Meli je?" nilimuuliza.

"Zile zilinichukua mwaka mzima, mdogo wangu. Na hili jicho lililobaki nalo limeanza kuchoka."

Kisha akainuka kwenda kubandika chai.