Msiba wa Mwanajeshi Wangu

Jamani, mimi fundi cherehani wa Misima nimefiwa na mtu nisiyemjua.

Juzi usiku, kwa jirani yangu Rehema, niliangalia filamu ya zamani ya mapenzi ya vitani. Iliishia mwanajeshi kafukiwa na kifusi, mchumba wake analia. Nikalia naye mpaka macho yakavimba.

Asubuhi Bibi Fatuma akaja kuchukua gauni lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona macho hivyo, mwanangu?"

Nami kwa ujinga wangu nikajibu, "Mwanajeshi wangu kafa vitani, bibi."

Akaondoka bila gauni. Kabla ya adhuhuri, akina mama walijaa uani kwangu, kanga viunoni, huyu na unga, yule na jogoo. Kuwaambia ni filamu nikaona haya. Nikakaa mkekani, nikapokea pole. Nikalia tena, maana uchungu wenyewe ulikuwepo.

Maji ya ugali yanachemka, Rehema akapaza sauti dirishani kwake: "Dada Zaina! Kumbe kuna sehemu ya pili! Mwanajeshi wako mzima, karudi!"

Vigelegele vikalipuka. Bibi Fatuma akanishika mkono, machozi yanamtoka.

"Alhamdulillahi! Yuko wapi tumpokee?"

Nikanyoosha kidole dirishani, kwenye TV ya Rehema.