Mundu Ambao Haukupita Motoni

Kila mwaka wanachuo wetu hutoa jarida, na kila mwaka mimi ndiye ninayebebeshwa kazi ya kulisoma kabla halijaenda kupigwa chapa. Cheo changu ni mlezi wa jarida. Maana yake ni kwamba wakufunzi wenzangu wakienda kunywa chai, mimi nabaki na kalamu nyekundu nikipambana na sentensi zisizokuwa na mwisho. Safari hii vijana walichagua mada wenyewe: kuanguka na kuinuka. Nikajua nimepatikana. Nitasoma habari za waliofeli wakafaulu, waliougua wakapona, na zote zitamalizikia kwa shukrani nyingi kwa uongozi wa chuo.

Ndivyo ilivyokuwa, mpaka nilipofika kwenye makala ya binti mmoja wa mwaka wa pili. Ni msichana mtulivu, hukaa mbele, kwao Kaniha, upande wa Biharamulo. Alikuwa ameandika habari za babu yake. Zamani, aliandika, babu aliishi Ngara, kule Kibimba, na alikuwa hodari wa kuhudumia migomba. Ikatokea kwamba mundu wake ukasambaza mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, mashamba ya mteremko mzima yakafa. Babu hakuficha. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kisha akahama na kuanza upya na mahindi. "Babu yangu alikosa, akakiri, akasamehewa, akainuka," ndivyo alivyomalizia. Mwandiko safi. Makosa mawili tu ya vituo.

Sikuyasahihisha. Niliiweka kalamu chini, kwa sababu mteremko ule ni wa kwetu, mzee yule alikuwa jirani yetu, na aliyeleta ugonjwa si yeye. Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Acha nikueleze tulivyokuwa tunaishi, ndugu yangu, maana bila hilo utaona ni kisa cha mundu na moto tu. Nililelewa na bibi, mama yake mama, katika nyumba iliyozungukwa na migomba kiasi kwamba mgeni aliweza kupita barabarani asijue kuna mtu anaishi pale. Mvua ilipoanza, tuliisikia kwanza juu ya majani, kisha baada ya muda ndipo ilipotufikia sisi. Ukiamka asubuhi unachota maji, unafagia uwanja, unakusanya majani makavu na kuyatandaza shinani, halafu unakaa na bibi kumenya ndizi mpaka vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu. Shuleni mwalimu alikuwa anakagua kucha, na sisi wa Kibimba tulikuwa tunachapwa kwa uchafu ambao haukuwa uchafu. Mchana ni ndizi na maharage, chungu kimefunikwa kwa jani la mgomba, na ule mvuke wake ukifunua! Nimekula katika mahoteli tangu wakati huo, na sijaupata.

Jirani yetu ndiye aliyekuwa fundi wa mteremko. Kila nyumba ilikuwa na mtu wa kukata majani, lakini yeye aliyajua mashina kama watoto wake. Alikuwa anasimama, anatazama juu, anaugonga mgomba kwa kiganja, ndipo anakata, kutoka chini kwenda juu, jani lisichane ngozi ya shina. Katika kila shina aliacha migomba mitatu tu: mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine aling'oa bila huruma. Hakuna aliyemlipa. Alipomaliza alikula mahali pale, akanywa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, na kesho alikuwa kwa mwingine. Miundu ilizunguka vivyo hivyo. Wako ukiwa butu unachukua wa jirani, na mwenye kunyima chombo alisemwa mwaka mzima. Bibi alikuwa na mundu mzuri kuliko wote, chuma cha zamani, mpini wake umelainika kwa viganja vya watu wa mteremko wote.

Kisha bwana shamba akatuita katika uwanja wa shule. Akatuonyesha mgomba uliokatwa, ukitoa usaha wa manjano, na ndizi iliyokuwa ya kahawia ndani. Akasema huu ni mnyauko, hauna dawa, na unasafiri kwenye chuma. Ukikata mgomba mmoja, upitishe mundu motoni mpaka ukiudondoshea maji yanachemka, ndipo uguse mgomba mwingine. Na atakayeonekana na ugonjwa shambani, migomba yake itang'olewa. Wazee walirudi nyumbani wakihesabu migomba yao. Kung'olewa migomba, kwetu, ni kung'olewa wewe.

Haukupita muda mrefu, bibi akaona migomba miwili imenyauka chini kabisa, karibu na kijito. Hakumwambia mtu. Aliikata asubuhi na mapema, akaifukia, akaja na mundu mkononi. Jana yake jirani alikuwa ameuomba, kwa kuwa wake ulivunjika mpini, na kumnyima kungeleta maswali. "Mwana wanje," bibi aliniambia, mwanangu, "uwashe moto, uupitishe vizuri, kisha umpelekee babu. Na hayo ya kijitoni usiyaseme."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kuni mbichi. Nilipuliza, nikapuliza, moshi ukanijaa machoni, moto haukushika. Na kwa jirani, nilijua, siku ile walikuwa wanakamua umutobe, maji matamu ya ndizi mbivu kabla hayajawa pombe. Watoto tuliruhusiwa kunywa povu la kwanza kwa mirija ya mianzi, na waliochelewa walikuta chombo kimerambwa. Nilisikia vicheko vyao nikiwa pale jikoni. Basi niliuchukua mundu nikauosha. Niliusugua kwa mchanga na majani mpaka ukang'aa kuliko siku zote. Nilijiambia kwamba chuma kisafi ni kisafi.

Mzee aliupokea kwa mikono miwili. Nikamwamkia, akaitikia. "Umeupitisha motoni, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, Babu."

Aliniamini. Aliingia shambani kwake na mundu ule, na kesho yake akaenda kwa mwingine, na keshokutwa kwa mwingine, maana ilikuwa zamu yao kuhudumiwa. Mimi nilikunywa povu. Lilikuwa tamu sana, sitakudanganya.

Baada ya miezi michache majani yakaanza kugeuka manjano. Kwanza kwake, kisha kwa kila aliyemhudumia juma lile, kwa mpangilio uleule. Watu hawakuhitaji bwana shamba kuwaeleza. Walihesabu nyumba, wakaupata mkono uliozipitia. Jioni moja bibi aliniita jikoni, akanishika kidevu, akauliza kama siku ile niliuchoma mundu. Nikasema niliuchoma mpaka maji yakachemka. Akashusha pumzi, akasema basi si sisi. Nilimwona alivyofarijika, na tangu siku ile ikawa vigumu zaidi kusema.

Mteremko ulikatwa wote, wetu pia. Hujapata kuona uchi wa namna ile. Nyumba zilitokeza ambazo hatukujua ziko karibu kiasi kile, tukawa tunaonana tukioga. Tulipanda mihogo, tukala mihogo, tukaota ndizi. Lakini hayo vijana wangu wa mada ya kuinuka wameyaandika vizuri, siyarudii.

Nataka kukuambia habari za siku mzee alipokuja kwetu. Kwa desturi yetu mwenye kosa haji mikono mitupu, huja na pombe. Yeye alikuja na kibuyu kidogo cha urwagwa, cha ndizi za mwisho alizookoa. Alikuwa amekwisha pita nyumba nyingine, na kote, nilisikia baadaye, alisema maneno yaleyale. Bibi aliniambia nilete maji. Nikashika beseni, nikammiminia mzee mikononi. Mikono ile niliyozoea kuiona juu kwenye majani ilikuwa imetulia, akinawa polepole. Akaketi, akasema: "Mama, nimewaulia migomba. Sijui nilikosea wapi, lakini mkono ni wangu. Naomba radhi." Bibi alikunywa kwa mrija, akampa naye akanywa kwenye mrija uleule, akamwambia yameisha.

Nilikuwa nimesimama na beseni lenye maji yake machafu. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini niliiona fimbo ya bibi juu ya mlango, nikakumbuka ya kijitoni, nikatoka nje kumwaga maji.

Kusamehewa alisamehewa. Kuitwa hakuitwa tena. Hakuna aliyemtukana, ila migomba mipya ilipokuja kupandwa kila mtu alijihudumia mwenyewe, hata wasiojua kukata. Wakati mwingine nilimwona amesimama barabarani akitazama shamba la mtu, jani linaning'inia, mkono wake unajigusa kiunoni mahali mundu ulipokuwa unakaa. Kisha akahama. Walipakia vitu kwenye gari dogo la mizigo, na binti yake akapanda na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto yule ndiye aliyeandika makala.

Nilikaa na makala ile siku tatu. Kuna sauti iliniambia nirekebishe vituo viwili niipitishe, binti ameridhika, mzee amesamehewa, jarida lisichelewe. Sauti hiyo naijua, ndiyo iliyoniambia chuma kisafi ni kisafi. Siku ya nne nilimwita ofisini nikamwambia yote, kuanzia kuni mbichi. Hakulia. Alitazama karatasi yake, akauliza, "Sasa mimi nitaandika nini, Madam?" Nilimsogezea karatasi yake. Akasema, "Kwanza ukamwambie mwenyewe. Mimi siwezi kulibeba hilo mpaka nyumbani peke yangu."

Tulikwenda Jumamosi. Kaniha ni tambarare, mahindi yanaanzia mlangoni yanakwenda mbali, wala huoni kilima. Mzee amepungua, lakini alinijua kabla sijasema jina la bibi. Niliposema bibi alikwisha fariki alitikisa kichwa muda mrefu. Binti alinivuta kando akanionyesha, karibu na mlango, shimo dogo lenye majivu ya moto. "Hapo ndipo babu anapopitishia majembe," alisema. "Hata ya mahindi. Kila asubuhi, hakuna jembe linatoka bila kuchomwa. Sisi tunamcheka tu, tulidhani ni desturi ya Ngara."

Nilishindwa kukaa kwenye kiti alichonipa. Nilipiga magoti chini kama tulivyofundishwa, nikamwambia. Kuni, povu, kijito, na "ndiyo, Babu." Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika magoti yake. Kuku walipita kati yetu. Nilitamani anipige kofi.

"Bibi yako alijua?" aliuliza.

"Hakujua, Babu. Nilimdanganya na yeye."

"Siku nilipokuja kwenu, wewe ndiye uliyeninawisha."

"Ndiyo."

Aliitazama mikono yake. Kisha akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayepima shina kabla ya kukata: "Ungesema siku ile, bibi yako angekuchapa fimbo mbili. Ungelia, yangeisha."

Akasimama akaenda kuwatoa mbuzi juani. Kwetu mgeni husindikizwa, hata yule usiyempenda unamfikisha njiani. Mzee hakurudi. Binti ndiye aliyenitoa hadi barabarani, tukasubiri gari, na lilipokuja akaniambia makala ataiandika upya, majina yote yatakuwamo, nisimsaidie. Nilimwambia sitaigusa. Jarida litachelewa, na lichelewe.

Mwaka jana nilipita Kibimba. Migomba imerudi, mirefu, ya mbegu mpya, na nyumba zimefichika tena. Lakini kila nyumba ina mundu wake umetundikwa ndani, na asubuhi humsikii mtu akiita ng'ambo ya shamba kuuliza kama mundu wako unatumika. Watoto wa siku hizi hawajui kwamba zamani chombo kilikuwa hakina mwenyewe. Wanadhani ndivyo watu walivyo. Bibi yuko chini ya udongo, mwenye haki ya kuniadhibu hayupo, na mzee amezeeka mno kwa hasira. Watu wakiniuliza ninachokikosa cha utoto wangu, huwa nawatajia ndizi za chunguni na mvua juu ya majani, wanafurahi. Siwaambii ukweli. Ninazikosa zile fimbo mbili.