Kompyuta Inayojipigia Simu Keroka

Ofisi yetu imefungwa, lakini kompyuta iliyo ndani inapiga simu yenyewe.

Jioni hii nilimwonyesha bosi wangu, Mzee Onchari, programu iliyoingia na disketi ya gemu. Inanakili kila kitu tunachoandika, hata neno la siri la akaunti ya wakulima wa chai, kisha inakituma nje kwa simu.

Nikamwambia, "Mzee, tuchomoe waya wa simu kwanza, ndio tuisafishe na disketi safi."

Akatazama jua. "Tulia, omwana one, mwanangu. Sabato inaingia. Tutasafisha Jumapili."

Akafunga mlango, akaenda na ufunguo.

Nawaandikia kutoka kwa Shah, duka la jirani. Ukuta unaotutenganisha na ofisi ni wa mbao, nasikia kila kitu. Modemu, kile kifaa cha kompyuta kinachopiga simu, imelia tena.

Waya wa simu unapita hapa nje. Shah ameniletea plaisi ya kukatia.

Mngekuwa mimi, mngekata?