Mchanga Katika Chupa ya Nzomo

Katika kiwanda cha katani nje ya Kibwezi, Nzomo ndiye aliyeitunza injini kubwa ya dizeli. Kila mwezi alikinga mafuta yake kidogo injini ingali moto, akayatuma maabara Nairobi, wayapime kama daktari anavyopima damu. Wakiona shaba, beringi zinaliwa. Wakiona maji, yale ya kupozea injini yanavujia ndani.

Mwaka wa ukame wa 1984 chupa za maabara zilikwisha. Nzomo akachukua chupa ya dawa ya kikohozi, akampa mkewe Mbinya aioshe. Ikarudi inang'aa, akaijaza mafuta, akaituma kwa basi.

Jibu lilikuja kwa simu: mafuta yamejaa mchanga. Injini ikazimwa papo hapo. Meneja, Bwana Karanja, akalikagua chujio la hewa, akalikuta zima. Kama mchanga haukupita huko, basi kuna mtu aliyeutia. Na wiki hiyo wafanyakazi walikuwa wamenung'unikia posho. Karanja akaita polisi.

Nzomo alikalishwa ofisini mbele ya askari.

"Nani alikutuma uweke mchanga kwa injini?" askari akauliza.

"Hakuna, afande."

"Kwa hivyo ulijituma?"

Hapo ndipo alipokumbuka jinsi Mbinya anavyoosha vyombo: anavisugua kwa mchanga wa mto, kisha anasuuza na maji ya kuonja tu, maana maji yanaletwa na punda kutoka mbali. Akifungua kinywa, atakuwa amemtaja mkewe mbele ya pingu, naye Mbinya ananyonyesha. Nani ataamini habari za kuosha chupa? Aliogopa kusema na akaogopa kunyamaza, lakini alinyamaza. Askari, ambaye hakuwa mtu wa subira hata siku moja, akatoa pingu.

Mbinya aliingia bila hodi, mtoto mgongoni. Mutie, mlinzi wa lango, alikuwa amemwambia kwamba mumewe anashikwa kwa sababu ya mchanga.

"Huo mchanga ni wangu! Chupa ilikuwa inanuka dawa, nikaisugua vizuri. Sasa nimwage debe zima la maji kwa chupa moja?"

Karanja alimtazama, kisha akaagiza chupa nyingine na mchanga. Mbinya akaosha mbele yao, kwa hasira, kama anavyoosha siku zote. Karanja akamimina humo mafuta mapya ya kopo lililofungwa, akatikisa, akasugua tone kwa vidole.

"Yanakwaruza," alisema. Akaenda kwenye injini, akajaribu mafuta ya mle ndani. Yaliteleza.

"Mwache," akamwambia askari.

Njiani Mbinya hakuacha kufoka. "Baba Ndila, wewe ni mtu wa aina gani? Ulijua ni mimi niliosha, na unanyamaza! Ungefungwa juu ya chupa?"

"Niliogopa watakufunga wewe."

"Mimi? Kwa kuosha chupa?"

"Pingu zilikuwa zimetolewa, Mbinya. Walikuwa wanataka mtu tu."

Mbinya akasimama. Alikuwa ameingia mle ofisini akijua amekuja kusafisha jina la mumewe, basi. Wala hakuziangalia zile pingu, wala kuwaza kwamba zingeweza kumfunga yeye. Akamfungua mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani, akaketi kando ya barabara.