Dawa ya Kwenye Mchuzi

Juzi nilikuwa duka la dawa za asili pale Mabawa, Tanga, natafuta habasoda, akaingia mama mmoja kafura, akabwaga pakiti tupu mezani.

"Dawa yako ya kuachisha pombe imeniharibia nyumba!"

Muuzaji hakushtuka. "Ulimtilia mumeo kwenye mchuzi, bila mwenyewe kujua?"

"Kama ulivyonielekeza. Katapika mpaka nikamwonea huruma."

"Basi imefanya kazi, mama."

"Imefanya kazi wapi? Anasema mapishi yangu ndiyo yanamdhuru! Siku hizi anakula huko huko kilabu cha mnazi. Eti chakula cha kule kinatulia tumboni."

Muuzaji akajikuna ndevu, kisha akateremsha pakiti kubwa zaidi. "Hii kampe mpishi wa kilabuni."

Nikadhani mama atamrushia usoni. Wapi! Aliinusa, akaifutika kwapani, akashukuru.

Mie sina ugomvi na dawa. Lakini mke anajua, muuzaji anajua, mpishi wa kilabuni naye atajua, na sasa mmejua nyinyi wasomaji. Tanga nzima ina habari kwamba yule bwana anaacha pombe, isipokuwa bwana mwenyewe.