Pipa la Wakiuru Limeiva

Wakiuru alikuwa amechoka hata kabla ya kuamka. Magoti yake yalistaafu zamani bila kumwarifu, lakini kazi haikustaafu: yeye huuza maua ya nyumbani kando ya barabara hapa Skuta, na mteja wa Nyeri hanunui jani la manjano ng'o.

Ndiyo maana nyuma ya bafu za ploti, yale majengo ya kupangisha anamoishi, aliweka pipa. Humo alitumbukiza thabai, yale majani yanayowasha mpaka ukumbuke dhambi zako, pamoja na jivu na samadi ya kondoo, akajaza maji, akayaacha yachache. Kikombe kimoja kwenye ndoo ya maji, na ua lililokata tamaa linarudi kijani. Kasoro ni harufu tu. Mwenye ploti alikuwa ameshasema: lalamiko moja tena, atoke na pipa lake na maua yake yote. Na chumba kingine chenye uwanja wa kupanga maua, Skuta nzima hakuna.

Asubuhi hiyo alikoroga, akaona povu limekwisha, akampigia mteja wake Wacera. Kwa kuwa sikio lake moja ni pambo, alipaaza sauti:

"Wacera! Imeiva! Kuja na chupa. Na uchanganye na maji, hii ni kali!"

Muriithi, keateka anayetunza ploti, alikuwa chooni. Akasikia "imeiva", akasikia "chupa", akasikia "kali". Mtu wa huku akiyasikia maneno hayo matatu pamoja, hafikirii maua; hupigia chifu simu.

Chai haijapoa, naibu wa chifu, Theuri, akafika na askari wawili. Mmoja akapiga pipa teke. Pombe haramu humwagwa kwanza, maswali baadaye. Mto wa kijani ukashuka hadi milangoni mwa wapangaji.

"Ai, chifu!" Wakiuru aliketi juu ya ndoo, maana hasira nayo inataka magoti. "Si ungeuliza?"

"Nyamaza, cucu," Theuri akasema, maana huku kila bibi huitwa hivyo. "Sisi tunajua kazi yetu."

Theuri akachovya kidole kwenye masalio, akakilamba taratibu, macho kayafumba, kama mtu aliyewahi kupeleka ushahidi mwingi nyumbani kwake.

"Hii si pombe ya muratina," akatangaza. "Umeweka nini?"

"Thabai na jivu."

"Na?"

"Na mavi ya kondoo, chifu. Kutoka Mweiga. Safi kabisa."

Theuri alitema mate mpaka kofia ikaanguka. Wapangaji waliotoka wakiziba pua walicheka hadi wakasahau kuziba.

"Chifu, iko sawa ama tuongeze sukari?" mmoja akauliza.

Simu ya Wakiuru ikalia. Mwenye ploti.

"Nimeambiwa ploti yote inanuka! Si nilikuambia?"

"Inanuka kweli. Lakini si mimi nimemwaga."

"Ni nani?"

"Ni serikali. Iko hapa inatema mate. Nikupatie muongee?"

Hakuna mwenye ploti anayemfukuza chifu, hasa yule mwenye ploti aliyejenga vyoo bila kibali.

"Waambie wapangaji wamwagie maji tu," akasema kwa upole, akakata.

Basi pipa likabaki, tupu. Wakiuru alilitazama kama mtu anavyotazama ngazi ndefu. Thabai nyingine ziko bondeni, na bonde huteremkwa kirahisi, shida ni kurudi. Akavaa soksi kuukuu mikononi, akainuka kwa awamu.

"Muriithi! Wewe uliyempigia chifu simu, chukua gunia twende ukachume."

"Nipatie soksi basi, cucu."

"Hizi ni zangu," akasema, akatangulia kuchechemea.