Ng'ombe Yetu, Mimi na Wajina

Jina lenyewe sitaliandika. Nikiliandika nitakuwa nimetaja mto, shule ya msingi, zahanati, stage ya matatu pale barabarani, wanaume wengi wa rika langu, na nitakuwa nimejitaja mwenyewe. Lilikuwa jina la Mzungu. Wanasema huko Uingereza ukoo wake ni wa mabwana wakubwa, nyumba yao ni kubwa kushinda kanisa. Hapa kwetu, kati ya Eldoret na Burnt Forest, alikuwa na ngano, ng'ombe wa maziwa na mbwa mmoja mbaya sana.

Alikuwa na desturi yake. Mfanyakazi wa shamba akipata mtoto kijana akampa jina la Mzungu, Mzungu anatoa mtamba. Baba yangu, aliyetoka mbali kuja kung'oa visiki, akasikia hiyo. Jirani yake mkamuaji, mwenyeji wa hapa hapa, naye akasikia. Tukazaliwa msimu mmoja wa kuvuna, mimi na kijana wa mkamuaji, na sote tukapewa jina. Mzungu akaangalia watoto, akaangalia ng'ombe wake, uchoyo ukamshika. Akatoa mtamba mmoja, akasema tugawane.

Sasa mtamba utaugawa namna gani? Wazee wetu wakapatana hivi: ng'ombe ikizaa, inakaa boma hiyo mpaka ndama aachishwe kunyonya. Ndama anabaki, mama anavuka mto anaenda boma ile ingine. Mwenye zamu akija kuchukua haulizwi kitu. Unafungua lango tu. Ukimuuliza "mbona leo?" ni kama umemwita mwizi.

Uhuru ukaja, Mzungu akaenda zake. Shamba likakatwa vipande, tukanunua wenyeji na watu wa kuja, na ng'ombe ikaendelea kuvuka mto. Ile ya kwanza ilikufa, binti yake akashika zamu, halafu mjukuu. Mimi na mwenzangu hatukuwahi kuitana kwa jina. Tulikuwa tunaitana Wajina.

"Wajina, mbona hii ng'ombe kwako inakonda hivi?"

"Ni mawazo, Wajina. Imesikia inarudi kwako."

Basi ule mwaka wa kura, Krismasi imetoka tu kupita, ng'ombe ilikuwa kwangu na ndama mchanga. Watu walikuwa wamekaa na redio wakingoja matokeo. Mchana mmoja Wajina akaja na kamba.

"Nimekuja kuchukua ng'ombe, Wajina."

"Ndama bado ananyonya."

"Nimeona. Nachukua wote."

Tangu tuzaliwe kitu kama hiyo haijawahi kutokea. Ng'ambo ya mto walikuwa wamesimama ndugu zake, wakituangalia. Nikafungua lango. Yeye akafunga kamba kwa pembe, akafungua, akafunga tena. Akakunja ile iliyobaki kwa kiganja, pole pole, kama mtu hana kazi ingine.

"Mama ako ndani?"

"Ako."

"Magoti bado?"

"Hata choo hafiki bila kushikwa."

Akatikisa kichwa. "Haya, Wajina." Akaenda na ng'ombe, ndama akimfuata mama yake.

Mimi nilikasirikia maziwa. Mpaka leo sielewi hiki kichwa changu. Majirani, watu wa kuja kama sisi, walikuwa wanafunga magodoro wakimbie. Mke wangu akasema twende mjini kwa dada yake, nikamwambia tangulia na watoto, mimi nabaki na mama. Na moyoni sikuwa naogopa vita. Nilikuwa napanga kesi. Nilisema kesho nitaita wazee wa pande zote mbili, nimshtaki Wajina kwa kuchukua ndama ananyonya.

Asubuhi wakaja wao.

Nitasema ni nani, na hata bila majina, watu wa pale watawajua. Mwenye posho mill ya kusaga mahindi pale stage ndiye alitoa petroli, kwa ule mtungi mweupe alikuwa anatupimia mafuta ya taa. Mzee wa kanisa letu, yule wa kubeba sahani ya sadaka, alitembea mbele akionyesha boma za kuchomwa na za kuachwa. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa na upinde. Huyo ndiye alishika mikono ya watoto wangu akawafundisha kuandika. Na Wajina alikuwepo. Nilimwona. Gumboots za kijani, na koti la mvua siku haina mvua.

Mikono yake sikuiona. Nilikuwa nimebeba mama mgongoni, nakimbia kwenye mabua ya mahindi. Jiwe likanipata kisogoni. Nilipopata fahamu nyumba ilikuwa moshi, na mama amelala ubavu karibu yangu, kitambaa kimemtoka kichwani. Hakuwa na alama ya panga wala mshale. Daktari alisema kilichomuua ni moyo. Mimi nasema ni wao.

Tulipokuwa kwa mahema ya waliofukuzwa pale mjini, polisi alikuja kuandika maneno yetu. Nikamwambia wa posho mill, wa sahani, wa upinde. Nikamtajia Wajina. Akauliza mahali, nikamwambia. Akauliza jina langu, nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, hii yote ni jina moja."

"Ndiyo, afande."

"Kwa hivyo umejichomea nyumba?" Wenzake wakacheka. "Enda upumzike, mzee. Umechanganyikiwa."

Hakurudi. Mwenye posho mill ana mbili siku hizi.

Mimi sikurudi kule. Nilipanga vyumba viwili Kimumu, mtaa wa Eldoret, nauza makaa. Wajina hakunitafuta, na mimi sikumtafuta. Lakini kila nikipima makaa kuna swali moja lilikuwa linanizunguka: yule mtu alikuja kwangu na kamba kunipa habari, ama alikuja kuchukua mali ya mtu atakayekufa kesho? Wengine wote nawajua. Huyu nilikosa mahali pa kumweka.

Miaka ikapita, halafu chifu akanipigia simu. Kuna mgeni ametoka Uingereza, mama wa ukoo wa yule Mzungu. Anazunguka dunia akitembelea kila mahali panaitwa jina lao na kila mtu aliye nalo. Ameenda Kanada kuna mji, Australia kuna mlima. Sasa anataka picha na sisi.

"Mzee, kuna soda," chifu akasema.

Sikuenda kwa soda. Nilienda kwa lile swali.

Tulikutana uwanja wa shule. Mgeni alikuwa mama mzee, kofia kubwa, anacheka na kila mtu. Mwenye kutafsiri alikuwa yule mwalimu wa upinde. Sasa ni naibu wa mwalimu mkuu, amevaa tai.

"Mgeni wetu anasema leo amepata jamaa," akatangaza. "Anasema si lazima damu, jina linatosha."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilimwangalia shingo mpaka akaangalia kando.

Chifu akatupanga. "Songeni! Nyinyi wajina wawili mnaachiana nafasi ya trekta!" Nikasukumwa mpaka bega langu likagusa la Wajina. Nywele zimekuwa nyeupe. Alikuwa ananuka maziwa.

"Wajina," nikasema bila kugeuka, "ile siku ulichukua ng'ombe na ndama. Ulikuja kuniambia ama kunirithi?"

"Angalia mbele. Anapiga picha."

"Nijibu."

"Wewe tangu lini umeona nikichukua ndama ananyonya?"

"Si ndiyo nakuuliza."

"Unauliza leo." Sauti ilikuwa inatoka kwa meno. "Nilisimama langoni kwako nikakunja kamba mpaka kiganja kikauma. Nilikuwa nangoja uulize mbona. Ungeuliza ningekuambia. Kuanza mimi singeweza, ndugu zangu walikuwa wananiangalia."

"Mimi na wewe hatuulizani."

"Najua."

"Na kesho yake ukaja na wao."

"Nilikuja."

"Kufanya nini?"

"Nisingekuja wangejua."

"Wangejua nini?"

"Kwamba nilikuwa nangoja uulize."

Mgeni akainua kidole gumba, picha imetoka vizuri. Nikasimama pale na soda mkononi. Nilikuwa nimejibiwa, na nilikuwa sijui hata kile kidogo nilikuwa najua asubuhi.

Wajina akageuka. "Ng'ombe iko kwangu. Ni binti ya ile. Zamu ni yako, imekuwa yako hii miaka yote."

Tukaenda kwake. Tulipita pale palikuwa kwangu, kuna mahindi ya mtu. Ng'ombe ilikuwa imesimama kivulini, na ndama wake chini yake, ananyonya.

"Nachukua wote," nikasema.

Nilitaka aniulize. Nilikunja kamba kwa kiganja vile nilimwona akifanya, nikafungua, nikafunga tena. Angeuliza mbona, ningemwambia yote: mama, mabua, kitambaa, yule polisi. Yeye akafungua lango tu, akasimama kando.

Nilifika nazo mpaka stage. Mama wa kuuza viazi akanicheka. "Mzee, hiyo ng'ombe inaenda kulala kitanda gani huko Kimumu?" Na kweli, kule hata kuku hatukubaliwi. Nikageuka, nikarudisha.

"Ikae," nikamwambia. "Lakini zamu ni yangu."

"Ni yako, Wajina."

Nikashika njia ya stage.

Mtu akiniuliza waliokuja nitamtaja Wajina pamoja na wenzake, maana alikuja. Lakini akiniuliza alikuwa ameshika nini, hapo ndipo nakwama. Zamani sikuwa naona mikono yake. Siku hizi nikikumbuka ile asubuhi namwona ameshika kamba, ameikunja kwa kiganja, anaangalia upande wangu. Na kamba ilikuwa ya jana yake, siku ya kuchukua ng'ombe. Ama alikuja nayo tena.